Mimea nayo hupumua usiku: hewa ya tangi la samaki hapa Goma

Pampu ya hewa kazi yake ni kusawazisha. Maji yakipungukiwa oksijeni, inaiingiza; maji yakiwa nayo kupita kiasi, inaitoa, tena haraka. Hiyo nusu ya pili ndiyo huleta ubishi, pampu izimwe mchana au iachwe, kila ninapozungumza na wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo hapa Goma. Wengi tumekua na picha moja kichwani: mapovu mengi, samaki wazima. Ukiingia kwenye mgahawa wenye tangi la samaki, kitu cha kwanza unachosikia ni mngurumo wa pampu, na cha kwanza unachoona ni safu ya mapovu ikipanda nyuma ya mawe ya rangi. Mtu aliyezoea hayo akija kwangu, mtaa wa Himbi, na kukuta tangi limejaa majani na mapovu machache tu, anahisi samaki wamefungiwa chumba kisicho na dirisha.

"Papa, hizi samaki zinapumulia wapi?" aliniuliza binti wa jirani. Ni swali la haki, na jibu lake si fupi.

Tuanze na hesabu. Lita moja ya hewa tunayovuta, kwenye usawa wa bahari, ina miligramu 280 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, hata yakishiba kabisa, ina miligramu 8.3 tu. Samaki anaishi kwenye umaskini huo maisha yake yote, ndiyo maana mashavu yake hayapumziki. Maji yakipashwa joto yanazidi kuwa bahili: ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9.1, ya nyuzi 30 hubeba 7.6. Halafu sisi wa Goma tuna jambo letu la ziada, nalo ni mwinuko. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe umepanda kutoka hapo kuelekea volkano. Huku mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 84 ya ule wa pwani, na oksijeni inayoingia majini hupungua kwa kiwango hicho hicho. Zile 8.3 zinazoandikwa kwenye majedwali, huku kwetu ni 7.

Kabla hujakimbilia kununua pampu ya pili, kumbuka kwamba mji wetu ni wa baridi. Tangi lisilo na hita, sebuleni, mara nyingi hukaa nyuzi 21 hivi, na maji ya joto hilo yakishiba hubeba miligramu 7.5. Dar es Salaam, tangi la nyuzi 29 hubeba 7.7. Yaani baridi yetu inarudisha karibu kila kilichochukuliwa na mwinuko. Ndiyo sababu huwa namshangaa mtu wa Goma anayefuga samaki wa dhahabu, samaki wa maji baridi kabisa, halafu anatia hita na kuipandisha hadi nyuzi 28 kwa kuwa karatasi iliyokuja na hita imesema hivyo. Analipa pesa ya umeme ili awapunguzie samaki hewa.

Oksijeni ikishaingia kwenye uso wa maji haitembei upesi. Ndani ya maji yaliyotulia husambaa polepole, mara 10,000 hivi kuliko inavyosambaa hewani. Kwa hiyo tangi lisilo na mwendo wowote linaweza kuwa limeshiba juu huku chini kuna njaa, na samaki wa chini ndio wanaoumia kwanza. Hapo ndipo mapovu yanapofanya kazi yake halisi. Povu lenyewe hukaa majini sekunde moja au mbili kisha linapasuka, na oksijeni linayoiacha njiani si nyingi. Lenye maana zaidi ni maji ya chini lililoyavuta yakapanda nalo, na uso wa maji uliotikiswa. Filta ndogo iliyoelekezwa mdomo juu kidogo, hadi uso wa maji ukawa unatetemeka, hufanya kazi hiyo hiyo bila kelele. Na tangi pana na fupi hulishinda tangi refu na jembamba la lita zile zile, kwa sababu mlango wa hewa ni ule uso wa juu tu. Mafundi wetu wa vioo hupenda kuyajenga marefu, yapendeze. Ukienda kuagiza, mpe fundi upana kwanza, urefu wa kwenda juu mjadiliane baadaye.

Uso huo una adui mmoja ambaye watu hawamtaji: utando wa mafuta. Nyumba nyingi hapa zinapika kwa makala, yaani makaa. Mbabula, lile jiko la makaa, ikikaa barazani, mvuke wa mafuta ya kukaangia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huingia ndani na kutua juu ya maji. Ongeza mabaki ya chakula cha samaki na bakteria wanaopenda kuishi hapo juu, unapata ngozi nyembamba inayong'aa rangi rangi ukiinama jicho likawa sawa na maji. Dalili nyingine: mapovu yanayofika juu hayapasuki, yanajikusanya pembeni kwenye kioo na kukaa. Mimi huchukua karatasi laini ya jikoni, nikailaza juu ya maji kuanzia upande mmoja, taratibu, nikaiacha ilowe yote, kisha nikaiinua kwa pembe mbili na kuivuta kuelekea kwangu. Upande wake wa chini hutoka na doa la kijivu linaloteleza kidoleni. Karatasi ya pili humaliza kilichobaki, na mapovu huanza kupasuka mara tu yanapogusa hewa. Ni kazi ya dakika mbili, na kwa tangi lenye utando mzito inasaidia kuliko kuongeza jiwe la pili la hewa, lile la matundu linalotoa mapovu.

Sasa mimea. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alitumbukiza majani mabichi kwenye maji na kuyaweka juani. Yakaanza kutoa mapovu. Aliikusanya hewa ile na kukuta inaufanya moto wa mshumaa uwake kwa nguvu. Gizani, majani yale yale yalitoa hewa mbaya, ya kuzima moto. Katika miaka hiyo hiyo ya 1770 Joseph Priestley alikuwa ameshaonyesha kwamba tawi la mnanaa, likifungiwa ndani ya chombo, huirudishia uzima hewa ambayo mshumaa umeizimikia. Ingenhousz ndiye aliyeonyesha kwamba kazi hiyo inataka mwanga, na kwamba ni sehemu za kijani tu zinazoifanya. Napenda kwamba aliyaona hayo kwenye majani yaliyo ndani ya maji. Kila mwenye tangi la mimea analirudia jaribio lake bila kujua.

Kwangu linaonekana alasiri. Ninafuga gapi, samaki wadogo wa mapambo, pamoja na mimea miwili: valisineria, ile yenye majani marefu kama utepe, na seratofilamu, ambayo haina mizizi na huelea kama mkia wa paka. Seratofilamu ikikatwa shina, kwenye jeraha hutoka mapovu madogo mno yakifuatana mstari mmoja, moja baada ya jingine, hadi juu. Hewa hiyo ina oksijeni nyingi: maji yameshashiba, iliyotengenezwa sasa hivi haina tena pa kuyeyukia, inajitenga. Na kwa kuwa huku juu maji hushiba mapema, mapovu hayo huanza mapema kuliko kwa mtu wa pwani mwenye mimea ile ile na taa ile ile. Usiyachanganye tu na yale yanayoonekana mara baada ya kubadilisha maji. Maji yaliyotoka kwenye bomba lenye nguvu huwa na hewa iliyobanwa ndani yake, nayo hujitenga juu ya kila kitu, majani, kioo, hata mgongo wa konokono. Mimea haihusiki.

Ukiwasha pampu saa hiyo ya mapovu, oksijeni itashuka. Maji yalikuwa yamepanda juu ya kiwango cha kushiba, pampu imeyarudisha kwenye kiwango. Je, ni hasara? Kwa samaki, hapana. Walikuwa na ziada na bado wanayo ya kutosha. Lakini ubishi wenyewe haukai kwenye oksijeni, unakaa kwenye hewa ukaa, ile ambayo mimea inaila.

Wafugaji wa Ulaya na Asia wenye matangi ya mimea ya kupendeza huingiza hewa ukaa kutoka kwenye mitungi, wakailenga ifike miligramu 30 hivi kwa lita. Maji yaliyoachwa yasawazike na hewa ya kawaida hubaki na chini ya miligramu 1. Ukiwa umelipia 30, pampu inayotikisa maji inakumwagia pesa hewani, basi ushauri wao ni sahihi kabisa: mchana zima pampu. Sahihi kwao. Tatizo ni kwamba ushauri huo umesafiri ukafika kwetu bila mtungi wake. Mtu wa Goma hana mtungi, ana mimea na taa, na mimea yake ikifanya kazi mchana kutwa hula hewa ukaa hadi maji yanabaki nayo chini ya kiwango cha hewa ya nje. Hapo pampu ikitikisa maji, oksijeni inatoka na hewa ukaa inaingia. Pampu inayomnyang'anya yule wa mtungi, kwetu inaleta chakula cha mimea. Kidogo, lakini kinaleta.

Na maji yetu yana tabia yake. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya 9 hivi, mbali na upande wa asidi, na bikaboneti nyingi, yaani kaboni iliyoyeyuka kama chumvi, hivyo hewa ukaa iliyo huru ndani yake ni haba. Siku bomba likikauka, maji yangu huja kwa bidoni, yaani madumu, juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, moja kwa moja kutoka ziwani. Mimea mingi laini inayouzwa kwa picha nzuri hudumaa humo, kwa kuwa inajua kula hewa ukaa huru peke yake. Valisineria na seratofilamu zinaweza kuvuta kaboni kutoka kwenye bikaboneti, ndiyo maana zinanawiri pale nyingine zinapoyeyuka. Kwa maoni yangu mtu anayeanza hapa Goma asihangaike na mimea mingine kwanza. Kuhusu bidoni: kwenye vituo vya kuchotea kando ya ziwa maji hutiwa klorini kwa ajili ya kipindupindu, na klorini huunguza mashavu ya samaki. Yaache maji kwenye ndoo wazi usiku kucha na jiwe la hewa ndani yake. Mtikisiko huo huo unaoingiza oksijeni husaidia kuitoa klorini.

Nirudi kwenye swali la binti wa jirani, kwa sababu mchana ni rahisi. Usiku ndio kazi.

Taa ikizimwa, utengenezaji wa oksijeni unakoma saa hiyo hiyo, ila ulaji hauna mapumziko. Samaki wanapumua. Konokono wanapumua. Bakteria wa kwenye filta na kwenye mchanga wanapumua, na wao ni walaji wakubwa kuliko watu wanavyofikiri: kuigeuza miligramu 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia kuwa naitreti hugharimu miligramu 4.6 hivi za oksijeni, na amonia hiyo inatokana na chakula unachomwaga kila siku. Na mimea nayo inapumua, yote, kila jani. Mchana ilikuwa inapumua vile vile, sema ilikuwa inatengeneza nyingi kuliko inayotumia. Kwa hiyo tangi lililosongamana majani linaweza kuwa tajiri saa kumi alasiri na fukara saa kumi na moja alfajiri. Majani yaliyooza yanazidisha deni. Mtu anaongeza mimea akidhani anaongeza hewa. Anaongeza hewa ya mchana.

Imani kwamba mimea peke yake inatosha ina asili yake ya heshima. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu na valisineria ndani ya chombo cha lita kama 50, wakaishi bila kubadilishiwa maji. Mwanzoni majani yaliyooza yaliyachafua maji, mpaka alipoongeza konokono wakayala. Tangu hapo watu wamekuwa wakitaja uwiano wa samaki na mimea kama kanuni ya maumbile. Wanachosahau kukitaja ni ile idadi ya samaki: wawili. Samaki wadogo wawili kwenye chombo kikubwa hivyo, nani hataweza? Tangi la lita 50 ninaloitwa kuliangalia hapa mjini huwa na samaki ishirini na kuzidi, na mwenyewe anataka kujua ni dawa gani atie.

Hewa ukaa nayo inapanda usiku, na hapa Goma hakuna haja ya kumfundisha mtu ubaya wake. Mazuku, yaani hewa ukaa inayotoka ardhini, imeua watu na mifugo kwenye mabonde na mashimo ya mawe ya volkano kuzunguka mji na kando ya ziwa, hasa usiku na alfajiri, kabla upepo na jua havijaitawanya. Ni nzito mara 1.5 kuliko hewa ya kawaida, inatulia mahali pa chini, hapo alipolala mbuzi au alipoinama mtoto. Ndani ya maji inaumiza kwa njia nyingine. Samaki huitoa hewa ukaa ya damu yake kupitia mashavu, ikaingia majini. Maji yakiwa yamejaa hewa hiyo tayari, haitoki vizuri. Damu inakuwa na asidi, na damu yenye asidi hushika oksijeni kwa ulegevu. Basi samaki anahema juu ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Oksijeni na hewa ukaa hazisukumani majini. Kila moja ina hesabu yake, na kuwa nyingi kwa moja hakuipunguzi nyingine.

Haya ni muhimu kwa wale vijana wenye chupa za sukari na hamira. Wanatengeneza hewa ukaa nyumbani, kwa bei ya chai, na mimea yao inapendeza, siwalaumu. Lakini hamira haijui kwamba taa imezimwa. Inaendelea kutoa usiku kucha, mimea haili, na kila mtu ndani ya tangi anaongeza ya kwake. Mwenye chupa ya hamira awashe pampu kila usiku bila mjadala.

Ukitaka kuona maji yasiyochanganyika yanavyokuwa, tuna mfano hapo mbele yetu, mkubwa. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini oksijeni yake haishuki kupita mita 60 hivi, na hiyo ni kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo na baridi vinapoyageuza maji ya juu. Chini ya hapo kuna maji mazito yenye chumvi zaidi ambayo hayapandi. Humo imekusanyika hewa ukaa ya kilomita za ujazo 300 hivi na methani 60 hivi, na hakuna samaki hata mmoja. Sambaza tunaowakaanga, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi kwenye hilo tabaka la juu tu, na wavuvi wenye taa huwafuata humo usiku. Watu wanaotazama ziwa kutoka ufukweni wanaona maji mamoja. Yapo mawili.

Tangi la sebuleni ni dogo mno kwa hayo, ila mchanga wake unaweza kuwa Kivu ndogo. Mchanga mzito usioguswa, wenye uchafu mwingi, huishiwa oksijeni, ukawa mweusi na kutoa harufu ya yai bovu ukiuchokoa. Valisineria husaidia hapa kwa namna isiyoonekana: huteremsha oksijeni kutoka kwenye majani hadi mizizini, na sehemu yake huvujia kwenye mchanga unaozunguka mizizi. Mimi huchanganya kokoto za makoro, mawe ya volkano tuliyonayo kila kona ya mji bila kulipia. Yana matundu, maji yanapita katikati yake, na hayo hayo nayaweka ndani ya filta, bakteria wanayapenda. Yaoshe sana, vumbi lake halikwishi.

Namna ya kujua hali ya usiku bila kifaa: amka kabla taa haijawaka, chukua tochi hafifu, chagua samaki mmoja unayemtambua, hesabu mashavu yake yanafunguka mara ngapi kwa dakika. Simu ina saa, itumie. Rudia alasiri kwa samaki yule yule. Hesabu mbili zikikaribiana, tangi lako halina shida ya usiku, achana nalo. Ya alfajiri ikizidi sana, hapo kuna kazi. Kuwaona gapi juu ya maji peke yake hakutoshi. Mdomo wao umeumbwa kutazama juu na juu ndiko wanakopenda. Tazama kama midomo inatoboa uso wa maji, na kama wote wako huko pamoja, pamoja na wale ambao kwa kawaida hukaa chini. Konokono wakipanda kioo kwa wingi alfajiri, nao wanasema jambo. Samaki wanaovuta hewa ya nje usiwatumie kupima. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana mama wa sokoni anaweza kukaa naye mzima kutwa kwenye beseni lenye maji ya kufunika mgongo tu. Atakuwa wa mwisho kulalamika, wenzake wakiwa wameshakufa.

Basi umeme. Mtu wa mji mwingine angeishia hapo juu: weka pampu, iwashe usiku, kwisha. Hapa umeme ukienda, hatari ya kwanza haiko kwenye samaki, iko ndani ya filta ya kufungwa. Bakteria wengi wamo humo, maji yamesimama, na kwa saa chache wanaimaliza oksijeni iliyobaki. Wanaanza kufa, maji ya ndani yananuka, halafu umeme unarudi saa nane usiku watu wamelala na filta inayamwaga yote kwenye tangi. Samaki waliovumilia kukatika kwa umeme wanauawa na kurudi kwake. Ifungue filta mapema, toa sponji na mawe, viweke ndani ya tangi palipo na maji mengi. Kama umechelewa, yamwage maji ya filta kwenye karai kabla hujaiwasha tena.

Hatari ya pili inahusu nyumba zaidi kuliko samaki. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji, ikizima, maji huanza kurudi kupitia mpira wa hewa, yakashuka hadi kwenye pampu, na pampu iko kwenye umeme. Iweke juu ya tangi, kwenye rafu, au kata mpira utie kile kivali kidogo cha kuzuia maji kurudi. Kipulizie kwa mdomo kabla ya kukifunga, uhakikishe hewa inaenda upande wa tangi. Nimeona vimefungwa kinyume, na mwenyewe analalamika kwamba pampu mpya haina nguvu.

Kwa samaki wenyewe, siku ya giza refu, usiwalishe. Chakula ni oksijeni itakayoliwa baadaye. Kama ni mchana, fungua pazia, valisineria ifanye kazi kwa mwanga wa dirishani. Kama ni usiku, chukua jagi, chota maji ya tangi lenyewe na uyamwage kutoka juu, kimo cha mkono, mara kadhaa, kisha upumzike na urudie baadaye. Watoto hupenda kazi hiyo kwa dakika tano. Kuna pampu ndogo za hewa zinazotumia volti 5, zinachomekwa kwenye betri ile ile ya kuchajia simu na kufanya kazi usiku mzima. Kwa mji huu mimi ningeinunua hiyo kabla ya taa ya kupendeza na kabla ya samaki wa tatu. Mwenye sola nyumbani aiendeshe kwa betri ya sola, pampu ya hewa haili umeme mwingi.

Limebaki suala la saa ya soketi, ile ya kuzungusha, inayowasha pampu taa inapozimika na kuizima taa inapowaka. Inauzwa, ni ya bei nafuu, na kwenye maelezo yote inasifiwa. Lakini saa hiyo inaendeshwa na umeme ule ule. Umeme ukienda, inasimama. Ukirudi, inaendelea pale ilipoachia, kana kwamba hakuna saa zilizopita. Baada ya wiki moja ya kukatika-katika inakuwa nyuma nusu siku, pampu inanguruma mchana kweupe na usiku imenyamaza, kinyume kabisa cha ulichokusudia. Kwenye tangi lisilo na chupa ya hamira, mchana pampu haidhuru kitu, kwa hiyo mimi situmii saa: pampu huwa imewashwa mchana na usiku. Mwenye chupa hana uhuru huo. Atafute saa yenye betri yake ndani, au awe anaichomeka pampu kwa mkono kila jioni anapozima taa.